Jina Kapuni: Waliobeba Mizigo Mpaka Tabora Kabla Gofu Haijafika Mjini

Gofu imetoka kwenye vilabu vya wazee, imeingia kwenye simu za vijana. Mtu akizishika hela kidogo siku hizi, picha anayoposti ni yeye kwenye majani mabichi, kofia kichwani, glavu mkono mmoja, fimbo imeinuliwa juu kama anapiga ngurumo. Baada ya hapo zinafuata picha za mtoko wenyewe: Dubai, Diani, Vipingo, Zanzibar.

Sasa zitazame hizo picha vizuri. Pembeni kidogo, mara nyingi nusu ya mwili imekatwa na fremu, kuna mtu mwingine amebeba begi. Kwenye maelezo chini ya picha ametajwa mwenye kofia, umetajwa uwanja, imetajwa na hoteli. Mwenye begi? Jina kapuni.

Kapu hilo ni kubwa na ni la zamani. Kama unapanga safari ya gofu na umechoka kwenda kule wanakokwenda wote, kuna njia moja hapa hapa nyumbani inayoweza kukuonyesha lilivyojaa. Inaanzia pwani, inapita Morogoro, Dodoma, Tura, Kigwa na Igalula, inaingia Tabora. Watu walikuwa wanapanga safari kwenye njia hii, na bajeti wanapiga, muda mrefu kabla reli haijawekwa.

Bajeti ya safari mwaka 1871

Mwanzoni mwa 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikuwa Zanzibar, ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta David Livingstone. Hela ya gazeti alikuwa nayo, ila bara hakuwahi kufika. Akafanya kile anachofanya mtu yeyote mwenye akili akitaka kwenda mahali asipopajua: akawauliza waliokwisha kwenda. Wafanyabiashara wa Kiarabu wakampa hesabu. Kulisha watu 100 kwa siku moja, andaa doti 10 za nguo.

Ndiyo, doti. Ile ile ambayo leo mama akienda kununua khanga anasema "nipe doti moja". Huko njiani nguo ndiyo ilikuwa pesa. Kulikuwa na merikani, kitambaa cha pamba kilichopata jina lake kwa sababu kilitoka Marekani. Kulikuwa na kaniki. Kulikuwa na shanga, na rangi zake lazima uzijue, maana shanga inayopendwa kijiji hiki kijiji cha pili hawaitaki hata bure. Na kulikuwa na waya wa shaba. Stanley alipomaliza manunuzi alikuwa na mzigo wa karibu tani sita. Akaugawa kwenye misafara mitano na kuitanguliza mmoja mmoja.

Gari hakuna. Punda wachache, nao wengi walifia njiani. Tani sita zote hizo zilikuwa za kubebwa na watu.

Lugha ya barabara ile bado tunaongea nayo kila siku bila kujua. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi, kawaida kibaba cha nafaka kwa siku. Leo ukisikia waheshimiwa wanalalamikia posho, neno ni lile lile, kibaba tu ndicho kimekua. Hongo ilikuwa ushuru halali kabisa: msafara ukipita kwenye nchi ya mtemi, hasa Ugogo ambako maji yalikuwa ya shida, unalipa nguo upewe njia na maji. Baadaye neno likaharibika, likawa rushwa. Mnyampara alikuwa kiongozi wa kundi la wapagazi, na leo mnyapara ni yule anayesimama juu ya wenzake wakifanya kazi. Na safari yenyewe, neno ambalo leo dunia nzima inalitumia kwenye matangazo ya utalii, ilitembea hivyo hivyo, mzigo kichwani.

Mzigo kilo 30, kila siku

Mabingwa wa kazi hii walikuwa Wanyamwezi. Hapa stori nyingi za mtaani zinakosea, maana ukisema "mpagazi" mtu anamwona mtumwa mwenye mnyororo shingoni. Minyororo ilikuwepo kweli, na hilo halifichiki. Njia hii ilipitisha watumwa na pembe za ndovu, na Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha biashara hiyo. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru wanaofanya kazi ya mshahara. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima kuhusu jambo hili, Carriers of Culture, kilichotoka 2006. Anawaeleza kama wataalamu wa kazi yao: walijadiliana malipo, walikuwa na desturi zao za kambi, na mwajiri akiwaletea ujanja waligoma. Wanaweka mizigo chini, wanakaa. Tajiri anabaki na nguo zake porini na hakuna wa kuzibeba.

Kijana wa Unyamwezi aliyekuwa hajawahi kushuka pwani alionekana bado mtoto. Kufika Bagamoyo na kurudi ndiyo ilikuwa heshima. Wengi waliondoka baada ya mavuno, kiangazi, wakapanga kurudi kabla ya mvua ili wakalime. Wanawake nao walikuwemo kwenye misafara, wamebeba vyungu na chakula, wanapika kambini.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kati ya kilo 27 na 32, na hapo hujaweka mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Begi la gofu lililojaa, fimbo zote 14 zinazoruhusiwa na sheria za mchezo, lina kilo kama 10 hadi 15. Mtu anayelibeba raundi nzima ya mashimo 18 anatembea kilomita 8 hadi 10, halafu jioni anarudi kwake. Mpagazi alikuwa na kilo zake 30 asubuhi, na kesho yake tena, na wiki ijayo tena. Richard Burton na John Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora hiyo, wakafika Novemba 7, 1857. Stanley alikwenda mbio, naye bado alitumia takriban miezi mitatu.

Kipande kilichoogopwa kuliko vyote kilikuwa kabla tu ya kuingia Unyamwezi, pori la Mgunda Mkali. Maji machache, vijiji hakuna. Msafara ulilazimika kutembea hata mchana wa jua kali ili kuwahi kisima cha mbele. Aliyeugua ndui au homa hapo, mara nyingi aliachwa. Halafu ghafla pori linaisha, mashamba yanaanza, na umefika Tura.

Burton aliandika kwamba jina Tura maana yake ni "tua". Tua mzigo. Kule mwanzo wa safari kuna Bagamoyo, ambayo wengi husema imetokana na "bwaga moyo". Kwa hiyo ukiisoma ramani ya njia hii unakuta watu waliokuwa wamebeba waliacha alama zao mahali walipopumua, hata kama majina yao wenyewe hakuna aliyeyaandika.

Tura leo ni kata. Kigwa pia, kituo kingine kilichomo kwenye vitabu vya Burton na Stanley, ni kata. Zote mbili zimo katika jimbo la Igalula, wilaya ya Uyui, mkoa wa Tabora. Igalula yenyewe ni stesheni ya reli ya kati: ukitokea Dar, ukishaipita, Tabora haiko mbali. Abiria wengi hupita wamelala.

Waliotajwa ni wa kuhesabu

Vitabu vya wasafiri vimejaa malalamiko: wapagazi wavivu, wapagazi watoro, wapagazi wezi. Majina machache sana. Sidi Mubarak Bombay anatajwa, kwa sababu aliwaongoza Burton, Speke na baadaye Stanley, na bila yeye wasingefika popote. Abdullah Susi na James Chuma wanatajwa kwa jambo walilolifanya 1873.

Livingstone alikuwa amekaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwaka 1872, baada ya Stanley kurudi pwani. Alikuwa anasubiri wapagazi 57 ambao Stanley aliahidi kumtumia. Wakafika Agosti, na mwezi huo huo akaondoka nao. Mwanzoni mwa Mei 1873 akafariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo.

Wangeweza kumzika na kutawanyika. Badala yake walitoa moyo wakauzika pale, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kama mzigo wa nguo, wakaanza kutembea. Oktoba walifika Unyanyembe, hapa hapa Tabora, wakamkuta afisa wa Kiingereza, Verney Lovett Cameron. Akawashauri wamzike hapo yaishe. Wakakataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Ilikuwa miezi tisa ya njia na zaidi ya kilomita 1,500, na waliokuwa wameamua safari hiyo ni wapagazi wenyewe. Safari nyingine zote kwenye vitabu vile zilipangwa na mwenye hela. Hii walipanga waliobeba.

Walipofika pwani kazi ikachukuliwa na wakubwa. Mwili ulipozikwa Westminster Abbey, London, Aprili 18, 1874, kati ya wale waliotembea nao alikuwepo mmoja tu, Jacob Wainwright. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, wakasaidia kueleza shajara za marehemu ili kitabu kitoke. Chama cha Kifalme cha Jiografia kikatengeneza medali 60 za fedha kwa ajili ya wapagazi. Medali zilipowasili Zanzibar wengi walikuwa wameshatawanyika, wako kwenye misafara mingine. Kazi ni kazi.

Na pembe za ndovu zilizobebwa kwenye njia hiyo zilikwenda wapi? Nyingi ziliishia Ulaya na Marekani, zikageuzwa vibao vya piano na mipira ya biliadi. Yaani mtu alitembea miezi mitatu na pembe begani ili mabwana wa mbali, kwenye vilabu vyao, wapate mpira wa kugonga baada ya chakula cha jioni.

Reli, Kariakoo na namba

Reli ya Wajerumani ilifika Tabora 1912, na 1914 ikafika Kigoma. Safari ya miezi ikawa ya siku chache. Njia ya wapagazi ikafa karibu mara moja, lakini kubeba hakukufa.

Vita Kuu ya Kwanza ikaja, na Wabelgiji wakaiteka Tabora Septemba 19, 1916. Huko porini ambako hakuna reli, majeshi ya pande zote yalikula kile kilichobebwa na watu. Waingereza waliita kikosi chao Carrier Corps. Ukilitamka haraka haraka unapata Kariakoo. Ndiyo, pale unaponunulia viatu na makava ya simu. Jina lake ni la kambi ya wapagazi wa vita, na maelfu kwa maelfu ya watu wa kazi hiyo walikufa kwa njaa na magonjwa. Mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye Sanamu ya Askari iliyosimamishwa 1927, aliyechongwa ni askari na bunduki yake. Wapagazi wanatajwa kwenye maandishi ya chini tu, kwa jumla.

Baadaye mashamba ya mkonge ya Tanga yakahitaji watu, na wengi walitoka magharibi, Unyamwezi na kwingineko. Hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba ya mkataba. Babu zao walikuwa hawaandikwi kabisa, wao wakaandikwa tarakimu.

Begi linaingia uwanjani

Gofu iliingia Afrika Mashariki na ukoloni wa Kiingereza. Nairobi walikuwa na klabu ya gofu tangu 1906. Popote palipokuwa na maafisa wa kutosha palifunguliwa klabu, na klabu ikihitaji watu wa kubeba mabegi iliwapata vijana wa maeneo ya jirani. Kwa miaka mingi wao waliingia uwanjani kwa njia hiyo moja tu: wakiwa wamebeba.

Haikuwa hapa peke yake. Augusta, Marekani, yanapochezwa mashindano ya Masters, wachezaji walilazimika kutumia makedi wa klabu mpaka 1982, na karibu wote walikuwa watu weusi. Mchezaji mweusi wa kwanza kucheza mashindano hayo, Lee Elder, aliingia 1975. Na kuna jambo pale ambalo ukishaliona huwezi kuacha kuliona: kedi anavaa ovaroli jeupe, na jina lililoandikwa mgongoni ni la mchezaji. Anabeba begi la mtu na jina la mtu.

Lakini anayebeba anaona. Kedi anajua upepo unavyogeuka kwenye shimo la saba, anajua nyasi zinalala upande gani, anajua bosi anadanganya hesabu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya wachezaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki wametokea kwenye ukedi. Dismas Indiza wa Kenya, mmoja wa majina makubwa ya gofu ukanda huu, alianza kwa kubeba mabegi Mumias. Kama Susi na Chuma, makedi wengi walikuwa wanaujua mchezo kuliko walioandikwa kwenye ubao.

Sasa panga safari

Mpango wenyewe si mgumu. Dar kuna Gymkhana katikati ya mji na kuna Lugalo, uwanja wa jeshi. Wanaopenda kaskazini wana Arusha na Moshi, lakini safari hii inakwenda magharibi. Panda SGR mpaka Morogoro, chini ya saa mbili, ucheze Gymkhana ya Morogoro, Uluguru ikiwa imesimama mbele yako. Stanley alipita karibu na hapo 1871, akausifia mji wenye ukuta wa Simbamwene.

Gofu ya safari hii inaishia hapo. Begi liache, endelea na SGR mpaka Dodoma, kisha Tabora kwa basi au kwa treni ya zamani, maana kipande cha SGR cha kwenda Tabora kingali kinajengwa. Kama ni treni ya zamani, omba mwenzako akuamshe kabla ya Tura. Kutoka hapo mpaka Igalula angalia dirishani. Miombo ile ile, ardhi ile ile tambarare, na wewe umekaa kwenye kiti.

Nenda kati ya Juni na Septemba: mchana joto la wastani, usiku unapoa, mvua hakuna. Oktoba jua linakuwa halina utani. Tabora kuna boma la Wajerumani, miembe ya zamani, asali ambayo ukishaionja ya dukani mjini utaiona maji, na Kwihara lipo tembe lililojengwa upya likawa makumbusho ya Livingstone. Kwihara ni kati ya vituo sita vya njia hii ambavyo Tanzania iliviweka 2006 kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Ukifika, ulizia wale 57, maana ni pale walipomkuta mzee.

Na bajeti? Stanley aliandika posho ya wapagazi kwenye hesabu zake kabla ya kutia mguu barabarani, kwa sababu alijua bila wao haendi kokote. Siku hizi watu wanapiga hesabu ya tiketi, hoteli, nguo za picha na vinywaji, halafu kedi anapewa kilichobaki mfukoni. Kedi wengi wanalipwa kwa raundi, siku isiyo na mchezaji haina hela. Basi malipo yake yaingie kwenye bajeti mapema, juu kabisa, karibu na nauli. Muulize anaitwa nani kabla ya shimo la kwanza. Ukiposti picha, muulize kama anataka kutajwa, na akikubali, liandike jina lake vizuri, herufi zote.